Nataka kumpeleka mama nyumba ya kutunza wazee hapa Malindi. Niangalie nini kabla sijalipa?

BintiMaweni

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Nataka ushauri wa watu wanaoijua kazi hii. Wa kunilaumu naomba wanisamehe, lawama za nyumbani zinanitosha.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia wote umelala na maneno yanatoka kwa shida. Sukari anayo tangu sisi tuko shule. Sasa na usahaulifu umeingia: asubuhi ananijua vizuri, jua likishatua ananiita kwa jina la dadake aliyefariki. Mimi nimeajiriwa, kaka yuko Doha, mdogo wetu kaolewa Garissa. Wasichana wa kumsaidia wamekuja na kuondoka. Huyu mgongo umemshinda, yule anaona kinyaa, na aliyekuwa mzuri kuliko wote akapata kazi Saudia.

Nje kidogo ya mji kumefunguliwa nyumba ya kutunza wazee wagonjwa. Nimekwenda kuitazama. Bustani safi, kila chumba kina feni na neti, meneja ana maneno matamu na chai tukaletewa. Aliponiuliza kama nina swali, nikakosa la kuuliza, nikauliza bei tu. Nilipotoka nje ndipo nilipojiona sijui hata kitu gani nilikwenda kutazama.

Sasa mtu anaangalia nini hasa? Msiniambie nifuate moyo wangu.

MwanaAmu

Waaleikum salaam dada. Sikulaumu, lakini nitasema. Kwetu Amu mzee hulelewa na wanawe mpaka siku yake ifike. Suratul Israa yatukataza kuwaambia wazazi hata "ah" wakifikia uzee mikononi mwetu, na wewe wataka mamako aoshwe na mtu asiyemjua kwa jina? Nyumba hizo ni za Wataliani waliokuja kustaafu huko kwenu, wanao wako Milano.

TukTuk_Ngala

MwanaAmu, hapo kwenu anayemwosha mzee ni nani hasa, ni wewe au ni mkeo na dada zako? Uliza tu.

MwanaAmu

Swali zuri. Ni dada zangu.

ZamuYaUsiku

Dada BintiMaweni, mimi nafanya kazi nyumba moja ya namna hiyo, sitasema ipi wala iko wapi. Nakwambia hivi: usiende tena saa nne ya asubuhi. Saa nne sote tuna sare safi, wazee washaogeshwa, wamepakwa mafuta, wamekalishwa barazani. Mgeni yeyote atapendezwa. Nenda saa tatu ya usiku, au Jumapili mchana chakula kinapoliwa, na usipige simu kwanza. Wakikwambia wageni hawaruhusiwi saa hizo, waulize sababu, kisha utazame uso wa anayekujibu.

Usiku ndio nyumba yenyewe. Kwetu tuko wawili kwenye ratiba, lakini mmoja akiugua hawaleti badala yake, nabaki peke yangu na wazee zaidi ya kumi. Bibi mzito aliyepooza hageuzwi na mtu mmoja. Ukimvuta peke yako unamchuna ngozi na wewe unavunjika mgongo. Basi hageuzwi. Asubuhi karatasi ya kugeuza inatakiwa mezani. Ukiitazama utaona saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, zote zimejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mstari umenyooka, na kila mahali "ubavu wa kushoto, sawa". Mtu amelalia ubavu wa kushoto usiku kucha na karatasi yenyewe inakiri, ila hakuna anayeisoma!

Omba uonyeshwe karatasi hiyo. Iwe ya mgonjwa mwingine, jina limefunikwa, na iwe ya usiku wa jana. Wasikuletee ya mfano iliyochapishwa.

BintiMaweni

Subhanallah. Na mimi nilifurahia bustani.

NesiMstaafu

Mwanangu BintiMaweni, nimeuguza wodi za wakubwa tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, hapa Malindi na kwingineko Pwani. Huyo wa zamu ya usiku amesema kweli tupu, nami naendelea alipoachia.

Mgonjwa kama mamako anauawa na vitu vitatu vinne ambavyo havina kelele. Cha kwanza ni kidonda cha kulala. Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wake wote unakaa kwenye kifandugu, nyonga, visigino na viwiko, damu haipiti, nyama inakufa kwa ndani kabla ngozi haijapasuka. Ndiyo maana tunageuza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili kitandani, na mara nyingi zaidi akiwa amekaa kitini maana hapo uzito wote uko matakoni. Wengi wanasahau kiti. Mzee anawekwa barazani asubuhi aonekane ametoka, anaachwa hapo mpaka adhuhuri, na familia inafurahi.

Vitabu vinasema tazama wekundu. Wekundu kwenye ngozi nyeusi utauona wapi? Geuza kiganja, weka mgongo wa mkono wako kwenye kifandugu chake, kisha ulinganishe na ngozi ya pembeni. Panapoanza kuharibika huwa pa moto kuliko pembeni, au pagumu, au panabonyea kama embe lililoanza kuiva upande mmoja, au pamekuwa peusi zaidi penye rangi ya zambarau. Mgonjwa mwenyewe atakunja uso ukipagusa, hata kama hasemi. Visigino usivipapase juu juu. Nyanyua mguu, tazama chini yake. Nikifika kumtazama mzee popote, soksi ndiyo ninayovua kwanza.

Kuna kipimo cha hatari ya kidonda cha kulala kinaitwa Braden, kiko tangu miaka ya themanini. Mnampa mgonjwa alama kwa mambo sita: anahisi maumivu kiasi gani, ngozi yake ina unyevu kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula vipi, na anaburuzika kwenye shuka au la. Jumla ni kuanzia 6 mpaka 23, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Mtu mzima mwenye 18 kushuka chini tunasema yuko hatarini. Waulize: "Mtampima mama Braden siku anayoingia? Mtarudia lini?" Usibishane nao juu ya kipimo, wanaweza kutumia Waterlow au kingine. Akikutolea macho tu, ujue hawapimi kitu.

Na joto letu hili la kaskazi ni adui. Jasho, mkojo na nepi iliyolowa vinailainisha ngozi, kisha ukimvuta juu ya shuka inachunika. Waulize nepi inabadilishwa wakati gani. Jibu baya ni "asubuhi na jioni". Jibu zuri ni "tunatazama kila tunapomgeuza".

Nitarudi, mjukuu ananiita.

PwaniUingereza

Bi Nesi shikamoo. Mimi ni mtoto wa Kisumu Ndogo hapo Malindi, niko Uingereza, nafanya kazi nyumba ya wazee yenye manesi. Nieleze huku kunavyokwenda, dada achukue linalomfaa.

Huku England kuna chombo cha serikali kinaitwa Care Quality Commission, sisi twakiita CQC, kimeanza kazi 2009. Nyumba haiwezi kufungua bila kusajiliwa nao. Wakaguzi huweza kuja bila taarifa. Wakija huuliza mambo matano: je, watu wako salama, utunzaji unaleta faida, watumishi wana huruma, nyumba inamsikiliza kila mtu kwa mahitaji yake, na uongozi ukoje. Mwisho wanatoa daraja, ziko nne, ya juu kabisa ni bora sana, kisha nzuri, kisha inayohitaji kurekebishwa, kisha isiyofaa. Daraja hilo nyumba inalazimika kulibandika mahali linapoonekana, na ripoti nzima iko kwenye mtandao, unaisoma ukiwa Malindi ukitaka. Soma tarehe yake kwanza. Meneja mzuri akiondoka, nyumba ya daraja la juu inaharibika ndani ya miezi na karatasi bado inang'aa ukutani.

Na msidhani daraja ndiyo dawa. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kuburutwa kwenye hospitali moja ya binafsi karibu na Bristol, inaitwa Winterbourne View. Nesi mmoja alikuwa ameshawaandikia wakubwa, na CQC wenyewe walipata habari, hawakufanya lolote la maana mpaka televisheni ilipoonyesha. Watumishi 11 walikiri makosa, 6 wakafungwa. Kwa hiyo hata huku familia inayokuja saa yoyote ndiyo mkaguzi wa kwanza.

Kitu kimoja cha sheria ya huku ningetaka dada akichukue kizimakizima. Kanuni za 2014 zinailazimisha nyumba, mgonjwa akidhurika, imwambie yeye na watu wake ukweli, iombe radhi, na iandike. Hapo kwetu najua mazoea: mzee ameanguka Jumatatu, familia inaambiwa Ijumaa wakija kutembea, "aliteleza kidogo". Iandikwe kwenye mkataba kwamba akianguka, akipata kidonda, akikosewa dawa au akipelekwa hospitali, unapigiwa simu siku hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana, na unapewa maelezo kwa maandishi.

TukTuk_Ngala

Huko kwenye ratiba nesi yuko usiku au analala kwao?

PwaniUingereza

Nyumba iliyosajiliwa kwa uuguzi lazima iwe na nesi aliyesajiliwa saa zote ishirini na nne. Walezi tunaosaidia ni wengine. Mlezi mpya hupitia cheti cha msingi kilichoanza 2015 kikiwa na mambo 15, toka kuosha mikono mpaka kutambua mzee anayeonewa, na haachwi peke yake mpaka aonekane anaweza.

Halafu kuna hili. Walezi kutoka ng'ambo walifunguliwa mlango wa viza 2022, ukafungwa tena Julai 2025. Vijana wengi Pwani walisomea kozi za utunzaji wakitarajia kuja huku na wamebaki hapo. Kwa hiyo nyumba isikwambie hakuna watu waliofunzwa. Wapo, ila wanataka mshahara wa mtu aliyefunzwa.

ZamuYaUsiku

Sema tena hapo kwa mshahara, kaka. Nyumba inatoza familia pesa ndefu na mlezi analipwa chini ya mtu wa kufagia hoteli. Kila baada ya miezi michache sura mpya. Dada, ukifika muulize kila mlezi amekaa hapo tangu lini. Kama wote ni wa mwaka huu, kuna jambo.

MwanaAmu

Nakubali kwamba mwajua kazi. Lakini mambo yetu je? Atakayemwosha mama ni mwanamke? Mlango utafungwa akioshwa, au atafunuliwa huku watu wakipita? Kitanda kitaelekezwa wapi, na nani atamkumbusha swala na hali anasahau? Dada yangu mkubwa humletea baba udongo mkavu kwenye sahani atayamamu, kisha humkalisha akaswali kwa ishara. Nesi wa kutoka bara atajua hayo?

NesiMstaafu

Nimerudi. MwanaAmu, baba, hayo si mambo madogo, ni sehemu ya kazi yenyewe. Heshima ya mtu inaandikwa kwenye mpango wake wa utunzaji pale juu kabisa, pamoja na dawa: "anaogeshwa na wanawake tu, kichwa kinafunikwa, anapenda kuswali akiwa amekaa, haguswi kabla hajasemeshwa." Nyumba ikiwa na karatasi moja ya mpango kwa wazee wote, jina tu limebadilishwa, hiyo haina mpango. Na swaumu muizungumze mapema. Mgonjwa wa sukari anayedungwa insulini, aliyepooza na anasahau, huyo ana ruhusa ya kutofunga, na familia inatoa fidia. Mnong'oneze nesi mapema, maana wapo wazee wanaotema dawa Ramadhani kwa kudhani wamefunga.

Narudi kwenye chakula, hapa ndipo roho zinapotoka. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi koo lake halifungi sawasawa, na kinachotakiwa kwenda tumboni kinaingia mapafuni. Chai ni hatari kuliko uji. Watu hawaamini, wanaona maji ndiyo mepesi. Maji yanakimbia, koo bovu haliwahi kufunga. Ndiyo maana wengine huongezewa unga maalumu wa kuzitia uzito chai na maji. Kuna ngazi za kimataifa za uzito wa vinywaji na ulaini wa chakula, zinaanzia 0 mpaka 7, na mtaalamu wa kumeza hukwambia mgonjwa wako yuko ngazi gani. Hapa kwetu mtaalamu huyo humpati kila mahali, lakini nesi aliyefunzwa anaweza kumjaribu kwa kijiko kimoja cha maji, akamtazama, akasikiliza.

Nenda wakati wa chakula, mwanangu, usimame mlangoni. Mzee amekalishwa wima au analishwa akiwa amelala nusu? Mlezi amekaa macho yao yakutane, au amesimama juu yake anachota haraka na simu iko mkono wa pili? Anangoja ameze kabla ya kijiko kingine? Mama upande wake wa kulia haufanyi kazi, chakula kitajificha kwenye shavu la kulia bila yeye kujua. Baada ya kula lazima mtu amwangalie kinywani, na abaki wima kama nusu saa. Akikohoa kila akinywa, au sauti inakuwa ya maji maji baada ya kumeza, simamisha. Homa ikifuata siku mbili baadaye, hiyo si malaria mpaka mapafu yasikilizwe.

BintiMaweni

Bi Nesi, kukohoa akinywa chai anakohoa kila siku. Sisi tunampiga mgongoni na kumwambia anywe polepole.

NesiMstaafu

Basi hiyo usingoje nyumba ya wazee. Kesho mpeleke akatazamwe kumeza, na kwa sasa mkalishe wima kabisa, kidevu kielekee kifuani kidogo anapomeza, kwa kijiko, hakuna mrija. Mahamri makavu na mkate wa kuchovya uache.

ShangaziGanze

Samahani nawaingilia. Mimi ni wa huku Ganze. Nyinyi mnapima bustani na feni, sawa, mna haki. Kwetu kuna wazee wanaokimbia nyumba zao kwa sababu mtoto au mpwa amesema wao ni wachawi, na sababu halisi ni shamba. Wengine wamepata hifadhi pale Kaya Godoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia yake na serikali. Viwango mnavyovitaja nataka viwafikie na hawa: choo ambacho mzee haanguki akienda usiku, maji, dawa ya presha isiyokatika.

TukTuk_Ngala

Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, ni elfu mbili kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70. Nepi za mzee mmoja zinaimaliza kabla hujafika kwenye dawa.

PwaniUingereza

Shangazi umesema jambo zito, na lina uzi wake. Ukiufungua nipo.

Dada, kuna machache ya jengo nataka kuongeza. Tazama maji ya kuogea. Huku maji ya moto ya bafu la mzee yanazuiwa yasizidi nyuzi 44, kuna kifaa kwenye bomba. Huko ni ndoo na birika, na mamako ana sukari na kupooza, mguu wake hausikii moto. Maji baridi yatangulie ndooni, ya moto yafuate, na mlezi ajaribu kwa kiwiko chake. Waombe wakuonyeshe wanavyochanganya, usiulize kwa mdomo.

Milango. Wazee wanaosahau hutangatanga, kwa hiyo geti litafungwa, haina shida. Lakini ufunguo uko kwa nani saa nane ya usiku moto ukiwaka? Ukiambiwa "kwa askari", muulize askari mwenyewe. Madirisha mengi pale Malindi yana vyuma, hakuna pa kutokea.

Na umeme. Magodoro ya hewa ya kuzuia vidonda yanaendeshwa na pampu. Stima ikikatika usiku na pampu ikazimika, kuna magodoro yanayoisha upepo na mzee anabaki amelalia chuma. Waulize jenereta inawashwa na nani na iliwashwa lini mara ya mwisho. Insulini pia inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8. Fungua friji uone kama kuna kipimajoto ndani, na kama dawa imekaa pamoja na samaki.

ZamuYaUsiku

Haha, samaki nimewahi kuwaona.

Nami niseme la dawa za usingizi, hili halisemwi. Mzee anayepiga kelele usiku anasumbua wenzake na mlezi yuko peke yake. Kuna mahali anapewa kidonge anyamaze. Familia ikija inasema, mashallah, mama ametulia siku hizi. Hajatulia huyo, amelewa.

NesiMstaafu

Asante kwa kulitoa. Dawa zinazotolewa kwa wagonjwa wa akili, akipewa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, zinamwongezea hatari ya kufa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo 2005. Haina maana hazitumiki kabisa, daktari anaweza kuziandika kwa sababu nzito, kwa muda, na familia ikijua. Uombe orodha ya dawa zote za mama kila mwezi, na ukiona jina jipya ulize nani ameandika na kwa nini. Kufunga mkono kitandani kwa kitambaa ni hivyohivyo. Wakikwambia "tunamfunga asianguke", waulize wamejaribu nini kabla: kushusha kitanda, kuwasha taa ya chooni, kumpeleka haja kabla ya kulala. Mzee mara nyingi anaanguka akikimbilia choo.

Leseni ziombwe bila aibu. Nesi awe na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya isiyopitwa na muda, na jengo kama linatoa huduma ya tiba liwe na kibali cha KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Kibali cha biashara cha kaunti kinaruhusu hata kuuza mitumba, hakikuambii kitu juu ya mgonjwa.

BintiMaweni

Nawashukuru, narudi na habari. Mama alitazamwa kumeza, na kweli chai imepigwa marufuku kwa sasa, mpaka iongezwe uzito. Uji mzito anaumeza bila kukohoa.

Ile nyumba nilikwenda Jumapili, saa tatu ya usiku, na binamu yangu. Askari alitukatalia, nikamwambia nangoja hapahapa. Baadaye meneja akapigiwa simu, tukafunguliwa. Ndani mlikuwa na mlezi mmoja, kijana wa kike, mwenye adabu sana na amechoka. Wazee kumi na wanne. Nesi "yuko njiani". Karatasi ya kugeuza nilionyeshwa, nayo ilikuwa imejazwa mpaka saa kumi ya alfajiri. Saa tatu ya usiku!

TukTuk_Ngala

Walikuwa wanageuza kesho.

BintiMaweni

Nilimwonyesha meneja siku ya pili. Alisema ni makosa ya karani. Nikamwomba tuandike kwenye mkataba watu wawili usiku na nesi ndani, akasema mkataba ni mmoja kwa wote. Nimeacha.

Kuna nyumba ya pili, ndogo, njia ya Watamu, vyumba sita tu, haina bustani ya kujisifu. Mwenyewe ni nesi na analala hapohapo. Leseni alinionyesha kabla sijamaliza swali. Mlezi mmoja nilimkuta akimlisha mzee, amevuta kigoda, amekaa. Bei ni juu kidogo. Kaka amekubali kuchangia. Mwenye nyumba naye amekubali mama aingie kwa mwezi mmoja wa majaribio, na mimi nije saa nitakayo. Kitu kinachonitia wasiwasi ni friji moja ya nyumba nzima na hakuna jenereta, kuna betri ya sola.

PwaniUingereza

Betri ya sola inaweza kuwa bora kuliko jenereta isiyo na mafuta. Waulize inabeba pampu ya godoro na friji kwa saa ngapi kwa pamoja, kisha wazime stima mbele yako mtazame. Ya insulini nunua kijifriji kidogo chake peke yake, ni rahisi kuliko kulazwa hospitali.

MwanaAmu

Dada, Mungu amfanyie wepesi. Mimi rai yangu kuhusu kulea nyumbani iko palepale. Ila Bi Nesi, nina ombi. Baba kisigino chake cha kushoto nimekigusa leo kwa mgongo wa mkono ulivyosema, nacho ni cha moto kuliko cha kulia. Dada zangu hawajawahi kukitazama, alikuwa na soksi.

NesiMstaafu

Kuna malengelenge au ngozi imepasuka?

MwanaAmu

Haijapasuka. Pamekuwa peusi, pana kama shilingi ishirini, na akiguswa hukunja uso.

NesiMstaafu

Soksi itoke. Mto laini uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie hewani kabisa, kisiguse godoro wala mto. Usipasugue, usipakandie, usipake mafuta ya karafuu wala dawa yoyote ya dukani. Mgeuzeni kila saa mbili mchana na usiku, dada zako wagawane zamu na wewe uwe mmojawapo. Ale mayai, samaki, maharagwe, kama figo zake ni nzima. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya King Fahd hapo Lamu akatazamwe. Pakiwa na weusi ulioingia ndani hatujui chini kuna nini. Ana sukari?

MwanaAmu

Anayo.

NesiMstaafu

Basi usingoje mpaka lengelenge litoke. Asubuhi na mapema.

BintiMaweni, na wewe kabla hujasaini hiyo ya Watamu, nenda mara moja tena usiku. Chukua tochi, omba uwatazame wazee visigino kwa ruhusa yao, na umwambie mlezi wa zamu akutajie kila aliyelala jina lake na kinachomsumbua, bila kufungua kitabu.